Mkono wa Kushoto

Karatasi ilikuwa imelowa, na ndiyo maana mpiga pasi aliipiga pasi.

Ilitoka kwenye mfuko wa aproni ya mwenzake aliyeitwa Kijiko siku ya Jumamosi, siku ambayo pale kwenye dobi walikofanya kazi aproni za wafanyakazi nazo hufuliwa. Utaratibu wa Mama Mkubwa, mwenye dobi, ulikuwa unajulikana: kila kinachokutwa mfukoni kinawekwa kwenye sinia la bati karibu na mlango, mwenyewe atachukua. Siku hiyo sinia lilikuwa na vifungo vitatu, kijiti cha meno, na ufunguo ambao tangu mwaka juzi hakuna aliyeuulizia. Karatasi nayo ilikuwa iende huko. Lakini ilikuwa imejikunjakunja kama jani la kabichi, na mpiga pasi hakuwa mtu wa kuona kitu kimejikunja akakiacha. Aliitandaza mezani, akaifunika kwa kitambaa, akapitisha pasi mara mbili. Alipofunua, maandishi yalikuwa yamenyooka vizuri kabisa. Ilikuwa karatasi ya mshahara wa Kijiko. Laki moja na themanini elfu.

Yeye alikuwa anapata laki moja na sitini na mbili.

Mara ya kwanza alisoma kwa bahati mbaya. Mara ya pili alisoma kwa makusudi. Mara ya tatu alisoma akiwa ameegemeza pasi mahali asipopajua.

"Unaunguza foronya," Kijiko alimwambia kutoka meza ya pili.

Kijiko alikuwa mwembamba, shingo ndefu, kichwa kikubwa cha mviringo, na aliyempa jina hilo hakuhitaji kufikiri sana. Walianza kazi wiki moja, miaka sita iliyopita, meza zao zikitazamana. Mpiga pasi alikuwa na mashati na foronya, Kijiko alikuwa na mashuka na mapazia. Kila mmoja alijua mwenzake anaumwa wapi, anamdai nani, na mapacha wa Kijiko wameamka mara ngapi usiku. Kitu kimoja tu hawakuwahi kuulizana, kama vile watu wasivyoulizana rangi ya nguo za ndani, nacho ni mshahara.

Mpiga pasi aliipeleka karatasi kwenye sinia akiwa ameishika kwa ncha za vidole, kama mtu aliyebeba mende.

Familia yake ilikaa chumba kimoja. Katikati walikuwa wametundika pazia la maua. Upande huu palikuwa na kitanda cha mpiga pasi na mkewe, cherehani ya mkewe, na godoro la binti yao wa darasa la nne. Upande ule alikaa mama mkwe na sanduku lake. Mama mkwe na mkwewe waliheshimiana sana, na kuheshimiana ndani ya chumba kimoja ni kazi ngumu. Kila asubuhi mama mkwe alikohoa mara mbili kuuliza kama anaweza kutoka, na mpiga pasi alikohoa mara moja kumjibu kwamba ameshavaa suruali. Mmoja wao akipata mafua, nyumba nzima ilichanganyikiwa.

Kwa hiyo pale mtaa wa pili ilipopatikana nyumba ya vyumba viwili, mke alilia kwa furaha na mama mkwe akaanza kupanga sanduku. Mwenye nyumba alitaka kitu kimoja tu: barua ya mwajiri, yenye muhuri, inayosema mpangaji ana kazi na anapata kiasi gani. Iletwe mwisho Ijumaa jioni. Isipokuja, kulikuwa na seremala mmoja mwenye familia aliyekuwa anasubiri.

"Barua umeomba?" mke aliuliza jioni ile, akiwa anashona pindo la sketi ya shule ya mtoto wa watu.

"Bado."

"Nilidhani umeomba leo."

"Mke wangu, Kijiko anapata laki na themanini."

Cherehani ikanyamaza. "Nani kakwambia?"

"Karatasi yake. Niliipiga pasi."

"Umepiga pasi karatasi ya watu?"

"Ilikuwa imejikunja."

Nyuma ya pazia pakasikika kikohozi. "Na wewe unapata ngapi, mwanangu?"

"Mama! Nilidhani umelala."

"Nimelala. Nauliza tu."

Mpiga pasi aliliangalia pazia kwa uchungu. "Laki na sitini na mbili."

"Tofauti ni elfu kumi na nane," sauti ikatoka chini ya shuka, kwenye godoro. "Yaani baba amekosa sehemu moja ya kumi ya mshahara wa mjomba Kijiko."

"Na wewe lala!"

Mke aliizunguka cherehani akaja kukaa kitandani. "Ngoja nikuulize. Jana ulipokea mshahara wako, ukamnunulia mtoto daftari, ukaja hapa unaimba. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Tangu jana hela imepungua?"

"Haijapungua."

"Sasa?"

"Imepungua," alisema mpiga pasi, na macho yalimjaa machozi kwelikweli.

Mke alimhurumia, na huku akitaka kumpiga na mto. "Basi Jumatatu ukaombe barua, na uombe uongezwe. Yote kwa pamoja."

"Nikamwombe Mama Mkubwa kitu ambacho alitakiwa akione mwenyewe? Ana macho."

"Barua je?"

"Nikimwomba barua sasa hivi ataona nimeridhika."

"Mwanangu," pazia likasema kwa upole, "mimi nimeshafunga sanduku."

Jumapili nzima mpiga pasi alikaa na kalamu. Hakutaka kuiba wala kugoma. Alitaka tu kutoa kazi inayolingana na hela, na kama hela ilipungua sehemu moja ya kumi, kazi nayo ipungue hivyohivyo. Alichora shati. Kola, moja. Mabega mawili, tatu. Mgongo, nne. Mbele kulia na mbele kushoto, sita. Mikono miwili, nane. Mapindo ya mikono, kumi. Alihesabu tena kuanzia chini kwenda juu. Kumi! Alifurahi kama mtu aliyeokota kitu. Hakutakiwa hata kukata kipande katikati. Mkono mmoja, bila pindo lake, ulikuwa ni elfu kumi na nane kamili.

Alichagua wa kushoto, kwa sababu shati likikunjwa kwa ajili ya kupelekwa, mkono wa kushoto ndio unaolala chini.

Jumatatu alipokea mashati ishirini meupe ya wahudumu wa hoteli, kama kila siku. Sehemu tisa alizipiga kwa uangalifu kuliko wakati wowote, asije mtu akasema ni mvivu. Kola zilisimama. Migongo iling'aa. Akifika mkono wa kushoto anauruka, anapiga pindo, anakunja. Roho yake ilikuwa imenyooka, isipokuwa upande mmoja. Saa saba alikwenda kula akiwa mwepesi. Aliporudi, mashati yalikuwa kwenye kreti, tayari kwa gari.

Alisubiri malalamiko. Jumanne hayakuja. Jumatano hayakuja. Ikaanza kumuuma. Mtu anatoa adhabu siku tatu mfululizo, na anayeadhibiwa hana hata habari.

"Hawaoni," alimlalamikia mkewe Jumatano jioni. "Mikono sitini, hawaoni! Ndiyo ujue kazi yangu haithaminiwi. Hata nisipoifanya haionekani."

Mke aliweka sindano chini. "Mikono ipi?"

Akamweleza. Alimweleza kwa fahari, hadi mchoro wa shati akamwonyesha. Mke aliutazama mchoro muda mrefu.

"Kwa hiyo hii ndiyo barua ya Ijumaa."

"Si barua. Ni hesabu."

"Nimekuelewa. Sasa na mimi nipigie hesabu. Natangulia kuamka, nachelewa kulala. Napika, nafua, nashona za watu, zako nashona bure. Wewe ukitoka kazini umetoka. Mimi natoka saa ngapi?"

Mpiga pasi alitazama pazia kutafuta msaada. Pazia halikukohoa.

"Usihangaike," mke alisema. "Nitapiga mwenyewe."

Asubuhi suruali yake ilikuwa juu ya kiti. Mguu wa kulia ulikuwa na mstari ambao ungeweza kukata karatasi. Wa kushoto ulikuwa kama umetolewa mdomoni mwa ng'ombe. Ikumbukwe kwamba mpiga pasi hakuwahi kupiga pasi nyumbani, akisema mtu hapeleki kazi nyumbani, na pasi ya pale ndani alikuwa hajui hata inawekwa wapi. Alivaa. Njiani alitembea ameegemea ukuta wa kushoto. Mlinzi wa getini alimtazama miguu, akamtazama usoni, akamtazama tena miguu.

"Kaka, huo mwingine unakuja nyuma?"

Siku hiyo, Alhamisi, meza ya Kijiko ilikuwa tupu. Alikuwa amepeleka mapacha kliniki. Mpiga pasi alipiga sehemu zake tisa peke yake, bila mtu wa kumwambia anaunguza nini.

Ijumaa asubuhi aliingia ofisini kwa Mama Mkubwa kuomba barua. Alikuwa amefikiri usiku kucha, au tuseme pazia lilikuwa limefikiri kwa niaba yake, kwa sababu mama mkwe alikuwa amehema kwa huzuni hadi alfajiri.

Mama Mkubwa alikuwa kwenye simu. Miwani ilimning'inia shingoni kwa kamba.

"Ndiyo," alikuwa anasema. "Wote? ... Upande mmoja? ... Hapana, bwana meneja, si ugonjwa." Akakata. Akaivaa miwani, akamwangalia mpiga pasi. "Kaa."

Akakaa, mguu wa kushoto akauficha nyuma ya ule wa kulia.

"Hoteli wanasema wahudumu wao ishirini wamesimama mbele ya wageni asubuhi hii, na wote wanaonekana kama wamelalia ubavu mmoja. Mgeni mmoja amekataa chai. Ameuliza kama inaambukiza."

Mpiga pasi alifungua mdomo, lakini mlango ulifunguliwa kwanza. Kijiko aliingia shingo ikitangulia. Alikuwa amesikia kutoka nje, na ukuta wa ofisi ile ulikuwa wa mbao.

"Mama, kosa ni langu. Jana sikuwepo."

"Wewe na mashati wapi na wapi?"

"Mkono wa kushoto ni mimi." Kijiko alikuna kisogo. "Huyu bega linamsumbua. Hasemi, ana aibu. Tangu Jumatatu namwona anauruka mkono, nikajua limezidi. Kwa hiyo akienda kula nakunjua, namalizia mikono, nakunja tena. Jana nilisahau kumwachia mtu maagizo. Usimkasirikie, mama. Bega si mchezo."

Nje mashine kubwa ya kufulia ilizunguka, ikasimama, ikazunguka upande wa pili.

Uongo ulikuwa umeshatengenezwa, mzuri, umekunjwa, unasubiri kubebwa tu. Na muhuri ulikuwa pale mezani, karibu na mkono wa Mama Mkubwa. Mpiga pasi aliuangalia. Akaona vyumba viwili. Akaona sanduku lililofungwa tangu wiki iliyopita. Kisha akamwona Kijiko akiwa amesimama na aproni yake, mtu ambaye kwa siku tatu alikuwa amekula chakula cha mchana kikiwa cha baridi.

"Bega langu zima," alisema.

"Unasemaje?" Mama Mkubwa akauliza.

"Bega ni zima, mama. Niliona karatasi yake ya mshahara. Yeye laki na themanini, mimi laki na sitini na mbili. Nikapunguza sehemu moja ya kumi. Shati lina sehemu kumi." Akazitaja zote, sauti ikizidi kushuka, na alipofika kwenye mapindo alikuwa anaongea na goti lake.

Mama Mkubwa alivua miwani. "Na mfuko?"

"Mfuko gani?"

"Wa kifuani. Mashati ya hoteli yana mfuko wa kifuani."

Mpiga pasi alijishika kifuani. Miaka sita alikuwa anaupiga pasi mfuko ule.

"Sikuuhesabu."

"Kwa hiyo ni kumi na moja. Hata kunipunja umenipunja kimakosa." Akavuta daftari kubwa, akalifungua. "Haya. Unachotaka ni mlingane?"

"Ndiyo, mama."

"Vizuri." Akachukua kalamu. "Kijiko, kuanzia mwezi huu laki na sitini na mbili. Nakata hii, naandika hii. Mmelingana. Umefurahi?"

Mpiga pasi alisubiri furaha. Aliisubiri kwa dhati, maana kwa wiki nzima hiyo ndiyo aliyokuwa anaiota. Haikuja. Kijiko alisema, "Sawa, mama," akatazama viatu vyake, na shingo yake ikaonekana ndefu kuliko siku zote. Mpiga pasi alijua mapacha wanamaliza kopo la maziwa kwa siku ngapi. Alikuwa anaambiwa kila asubuhi.

"Rudisha, mama."

"Nirudishe nini?"

"Yake. Rudisha kama ilivyokuwa."

"Lakini mtatofautiana."

"Tutofautiane."

Kalamu ilikuwa bado haijagusa karatasi. Mama Mkubwa akaiweka chini taratibu. "Unajua kwa nini huyu anapata zaidi? Mapacha walipozaliwa alikuja akakaa hapo ulipokaa. Alitoka jasho kama bomba bovu. Akasema, mama, naomba. Nikamwongeza. Wewe mwaka wa sita huu, hujaniomba hata nifungue dirisha."

"Nilidhani unaona."

"Nina wafanyakazi kumi na mmoja na macho mawili, na moja halioni mbali. Sema unachotaka."

Hapo ndipo mpiga pasi alipogundua kwamba kuruka mikono themanini ni rahisi kuliko kutamka neno moja. Alikohoa. Alikohoa mara mbili, kama mama mkwe. Mdomo ulifunguka, ukatoka upepo.

"Toa sauti, bwana," Kijiko alimnong'oneza. "Mbona ukiunguza foronya unapiga kelele?"

"Naomba," alisema mpiga pasi. "Naomba barua ya mwenye nyumba. Na naomba, mama... naomba niongezwe."

"Elfu tisa."

"Kijiko ulimwongeza kumi na nane."

"Kijiko hajaniletea simu ya meneja wa hoteli. Tisa, na yale ishirini unayarudia leo. Mwakani njoo tena uombe, nitaona."

"Na mikono sitini niliyopiga mimi?" Kijiko aliuliza ghafla. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufikiria jambo hilo, na lilikuwa linamwingia polepole. "Yaani bega lilikuwa zima muda wote? Nimekula wali wa baridi siku tatu kwa ajili ya bega zima?"

"Nitakulipa," alisema mpiga pasi.

"Utanilipa mkono kwa mkono."

Mama Mkubwa aliandika barua, akagonga muhuri hadi vikombe vikaruka. Mpiga pasi aliposimama kuipokea, miguu yake miwili ilionekana kwa mara ya kwanza.

"Na huo mguu?"

"Huu ni wa nyumbani, mama."

"Kule nako," alisema Mama Mkubwa, "nenda ukaombe."

Alifika kwa mwenye nyumba saa kumi na moja na nusu. Seremala alikuwa ameshakaa kwenye ngazi na mkewe, na futi ya kupimia mkononi. Barua ilisomwa, muhuri ukasuguliwa kwa kidole kuona kama ni wa kweli, na seremala akakunja futi yake bila kuaga.

Nyumbani mke aliisoma barua akiwa amesimama. "Laki moja na sabini na moja. Tisa?"

"Tisa."

"Nusu ya kumi na nane," godoro likasema.

"Mke wangu," alisema mpiga pasi. Akakohoa. Safari hii ilitoka haraka zaidi. "Naomba unisamehe. Na naomba unionyeshe pasi inakaa wapi."

Mke alikwenda jikoni uani kwa muda ambao vitunguu haviuhitaji, akarudi macho mekundu, akasema ni vitunguu.

Jumamosi, siku ya kuhama, suruali ilikuwa juu ya kiti. Mguu wa kulia ulikuwa umenyooka wote. Wa kushoto ulikuwa umenyooka kuanzia kiunoni hadi gotini, na hapo mstari ulikatika kama barabara iliyoishiwa bajeti.

"Ndiyo nini hii?"

"Tisa," alisema mke. "Pasi iko nyuma ya cherehani."

Hakukuwa na muda. Kijiko alikuwa ameshafika na mkokoteni wa kuazima. Walibeba cherehani, godoro, vyungu, na sanduku, ambalo mama mkwe alilisindikiza ameliwekea mkono kama mgonjwa. Mama mkwe ndiye aliyeingia wa kwanza kwenye nyumba mpya. Hakukohoa. Alifunga mlango wa chumba chake, akaufungua, akaufunga tena, akicheka peke yake ndani.

Kisha pakasikika hatua. Zilikwenda, zikageuka, zikarudi. Mlango ukafunguka, hatua zikapita mbele yao wote, zikaingia chumba cha pili, zikakizunguka. Ndipo mama mkwe akatokea, akasimama mbele ya mkwewe, ambaye alikuwa ameinama na kitanda.

"Mwanangu. Mimi sisemi kitu."

"Naam, mama."

"Chenu kina hatua kumi. Changu kina tisa. Sisemi kitu, nimepita tu nikihesabu."

Mke alijifunika uso kwa mto aliokuwa amebeba. Mpiga pasi aliweka kitanda chini. Alimtazama mama mkwe, akamwona anavyojishika vidole, mtu mzima ambaye kwa miaka minne alikohoa ili aruhusiwe kwenda kunawa.

"Mama," alimwambia taratibu, "unaomba?"

Mama mkwe alitazama ukuta. Alitazama sanduku. "Naomba," alisema, kwa sauti ndogo kuliko ya mapacha wa Kijiko.

"Basi tunageuza," alisema mpiga pasi. "Kijiko, kitanda kiende kule kwenye tisa."

Kijiko alizunguka, akakitazama kitanda. Upande wa kulia ulikuwa mwepesi. Wa kushoto ndio uliokuwa umefungiwa sanduku la vyuma vya cherehani, na mguu wake ulikuwa na msumari uliochomoza.

"Shika kushoto," alisema Kijiko, akiwa ameshajichukulia kulia. "Huu ni mkono wa kwanza. Bado hamsini na tisa."

Mpiga pasi akainama, mguu wa suruali yake umenyooka hadi gotini, akanyanyua.